Alichosema Yule Chuma

Bibi yangu, mama yake baba, alikuja kukaa kwetu Segerea kwa sababu ya macho. Yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Hospitali walimfanyia upasuaji la kulia kwanza, wakasema la kushoto lisubiri wiki kadhaa, na muda wote huo awe anawekewa dawa ya matone mara nne kwa siku. Kwake Mbagala anaishi na wapangaji tu, watu wa kutoka asubuhi na kurudi jioni, kwa hiyo baba akaamua akae kwetu mpaka yote mawili yapone. Akapewa kitanda chumbani kwangu. Matone ya mchana akawa anaweka mama, mengine mie.

Mie ni mtu wa kimya. Niko kidato cha tatu na kuna walimu ambao nadhani hawajawahi kusikia sauti yangu. Jibu nalijua, moyo unaenda mbio, mwenzangu ananyoosha mkono, imeisha hiyo. Lakini kwa bibi nilikuwaga naongea. Hakuniita jina. Aliniita mke mwenzangu, kama bibi wengi wa Kizaramo wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na mume tuliyekuwa tunamgombea ni babu, aliyefariki kabla sijazaliwa.

"Mke mwenzangu, chai gani hii, umempikia mgonjwa? Ndiyo maana mume ananipenda mie."

"Anakupenda, mbona hajakununulia meno?"

Anacheka mpaka anashika jicho, na mama anatugombeza wote wawili kwa pamoja.

Jumapili alasiri kulikuwa na tamthilia ya mambo ya baadaye, watu wanaishi kwenye sayari nyingine na maroboti yenye sura za binadamu. Ilikuwa ya Kiingereza kitupu. Bibi alizoea zile muvi za kwenye flashi ambazo jamaa anatafsiri juu kwa juu, anaongeza na vichekesho vyake, kwa hiyo akaniambia, "Nitafsirie kama wale." Nikawa natafsiri. Nilibadilisha sauti, nikawa mzee, nikawa roboti, nikawa mlango unaojifungua wenyewe. Darasani kwangu wangeniona wasingeamini.

Roboti mkuu bibi alimpa jina, Chuma.

"Huyo Chuma anakula?"

"Hali, bibi."

"Kafunga?"

"Hana tumbo."

"Masikini. Sasa anamwamkia mzee asubuhi yote hii, chai hanywi, anafaidi nini?"

Sehemu ninayotaka kuiandika haikuwa hata na vita. Ilikuwa siku moja tu ya yule Chuma, toka asubuhi mpaka jioni. Anamwamsha yule mzee anayemtumikia, aliyekuwa nahodha zamani. Anamkorogea uji. Anamwagilia maua. Halafu mzee anaanza kumhadithia jinsi alivyokutana na mkewe, na unaona kabisa kwamba kashamhadithia siku nyingi sana, na Chuma anakaa mbele yake anauliza, "Halafu?" kama vile hajui. Bibi alisogea mpaka pembeni kabisa ya kochi.

Sasa bibi naye alikuwa na hadithi yake. Siku babu aliponunua cherehani Kariakoo, mvua ikanyesha, basi likakataa kuubeba ule mzigo, akajitwisha kichwani mpaka Mbagala kwa miguu. Alivua shati akaifunika cherehani, yeye kifua wazi, watoto wanamfuata nyuma wakidhani kichaa. Na mwisho wake ulikuwa uleule siku zote: "Na shati lile halikukauka mpaka Ijumaa." Aliisimulia wakati wa kuwekewa matone, wakati wa kula, na hata nikiwa nafanya hesabu. Jumapili ile alikuwa ameshaisimulia mchana, tukiwa tunakula wali.

Na Jumapili ndiyo siku pekee ambayo mama ananiachia simu yake, akijilaza baada ya chakula. Kwenye grupu la darasa ndiko naongeaga, maana kuandika siogopi. Nilikuwa nayo mkononi, inatetemeka kila dakika, na bibi kila dakika anauliza, "Kasemaje? Kasemaje hapo?"

Mwishoni binti wa yule mzee anamuuliza Chuma kama hachoki, na kama anataka afutiwe ile hadithi kichwani ili kila siku aisikie upya. Chuma anasema hapana. Anasema kila siku mzee ananyamaza kidogo mahali tofauti, na yeye anasubiri kuona leo atanyamazia wapi.

"Kasemaje?" bibi akauliza.

Nikasema, "Kasema amechoka kumsikiliza mzee. Kila siku hadithi ileile. Anaomba ahamishiwe nyumba nyingine."

Sikukosea kutafsiri. Kiingereza kile hata mtoto wa kidato cha kwanza angekielewa. Nilijua ninachosema na nilijua ninamwambia nani. Nilitaka tu anyamaze nisome meseji, na ndani yangu kulikuwa na kitu kingine kibaya kidogo, kama mtu anayembinya mwenzake aone atafanyaje.

Bibi aliangalia tivii mpaka majina yakaisha kupita. Kisha akasema, "Haya. Ahsante, mjukuu wangu."

Sikushtuka hapo hapo. Nilishtuka jioni, wakati wa matone. Nikamfunika jicho na kile kikombe cha plastiki walichompa hospitali cha kulikinga, akasema, "Ahsante, mjukuu wangu, Mungu akuzidishie." Hakuna cherehani, hakuna mume, hakuna kunitukana mikono ya baridi. Kesho yake hivyohivyo. Adabu tupu, kama anakaa kwa watu.

Jumatano akamwambia baba anataka kurudi kwake.

"Na jicho la pili, mama?"

"Hili moja linanitosha. Hilo lingine la nini? Nimeshaona vya kuona."

Baba alimbembeleza, akanuna, akabembeleza tena. Ijumaa bibi akaondoka na mfuko wake. Mama alidhani ni yeye. Nilimsikia anamwambia baba jikoni, "Labda ni chumvi. Alisemaga naweka chumvi nyingi, nikamjibu vibaya." Nilikuwa nimesimama na sufuria mkononi. Nilichotakiwa kusema ni sentensi moja tu. Nikaosha sufuria.

Usafi wangu wa siku ile ulikuwa wa ajabu, mama mpaka akaniuliza kama nimefeli mtihani.

Jioni yake mama akafungua friji akakuta dawa ya macho ya bibi imesahaulika. Jumamosi asubuhi nikatumwa niipeleke.

Bibi alikuwa barazani kwenye mkeka, anachambua mchicha kauinamia mpaka karibu na pua. Kwenye fungu la mazuri kulikuwa na majani ya manjano matatu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hawajambo huko?"

Nikanawa mikono, nikamwekea tone. Ukishaweka anatakiwa afumbe macho dakika chache. Alipofumba yote mawili ndipo nikaweza.

"Bibi, yule Chuma hakusema vile."

"Chuma gani?"

"Wa kwenye tivii. Hakusema amechoka."

"Kasemaje?"

Nikamwambia. Nikamwambia yote, la kufutiwa, la mzee kunyamaza mahali tofauti, la kusubiri. Sauti yangu ilikuwa ileile ya darasani. Bibi hakufumbua.

"Kwa hiyo aliyechoka nani?"

"Mie."

"Siku hiyo tu?"

Ningeweza kusema ndiyo. "Siku hiyo. Na nyingine kidogo."

Akapapasa mkeka akapata bua la mchicha, akalivunja vipande vipande.

"Ungeniambia. Mie si tivii, ningejizima mwenyewe." Halafu akasema, "Na mama yako anajua?"

"Anadhani ni chumvi."

"Chumvi ni nyingi kweli. Lakini ukamwambie."

Nikamwambia mama jioni ileile. Sitaandika alichonijibu. Simu ya Jumapili sina tena, na sijalalamika.

Bibi alirudi wiki iliyofuata, jicho la kushoto likafanyiwa. Sasa anaona mpaka vumbi juu ya kabati, na ananiambia, "Mke mwenzangu, mume akija akute nyumba hii?" Namjibu, anacheka. Baba na mama wanaona mambo yamerudi kama zamani.

Lakini ya cherehani hajaisimulia. Wakati wa matone namwekea taratibu kuliko inavyohitajika, nasubiri. Nimemuuliza mara mbili. Mara zote mbili akasema, "Si unaijua?"

Juzi mvua ilianza ghafla, kubwa, kwa kelele za mabati hatusikilizani vizuri. Tulikuwa wawili tu sebuleni. Nikasema, "Bibi, mvua kama hii babu alikuwa Kariakoo."

Aligeuka akatazama dirishani kwa macho yake mapya yote mawili. Akafungua mdomo, akanyamaza kidogo. Nikasubiri.

"Nguo ziko nje," akasema. "Kaanue."

Nikaenda kuanua.