Siku Nilipoficha Shoka

Hapa Salamabila, ukitaka kusikia sauti ya mtu wa mbali, lazima upande kichuguu. Kiko nyuma ya maduka, kimekanyagwa na miguu ya watu mpaka kimekuwa laini kama sakafu, na juu yake ndipo rezo ya simu inapopatikana. Jioni utatukuta pale tumesimama, wachimba dhahabu, wauza mafuta ya pikipiki, akina mama wapishi, kila mtu ameelekea upande wake, kila mtu anapaza sauti kwa ajili ya mtu ambaye hayupo.

Jana jioni binti yangu alinipigia. Yuko Kasongo kwa mama yake. Si mbali sana ukiangalia kwenye ramani, lakini mvua ikinyesha upande wa Kabambare barabara inageuka uji, na juma hili daraja la miti limebebwa na maji. Pikipiki zinafika pale, zinarudi zilikotoka.

"Baba."

"Naam, mama."

"Kesho tunachanjwa ku masomo."

"Iko muzuri, mama."

Nilisikia kuku nyuma yake, na sufuria. Kisha akasema polepole, kama mtu asiyetaka wenzake wasikie: "Baba, kuchanja iko kama kuchanja kuni? Utakuja kunishika?"

Mchimbaji mmoja aliyekuwa karibu alisikia, akacheka. Mimi sikucheka. Nilifungua kinywa nijibu, rezo ikakatika. Nikapiga, nikapiga tena, nikainua simu juu ya kichwa. Hakuna kitu. Nikashuka na swali lake, nikaenda kwenye chumba ninachopanga, nikakaa juu ya kitanda bila kuvua viatu. Maana swali lile, ndugu yangu, nalijua. Nililiuliza mimi kabla yake, ila sikuliuliza kwa mdomo.

Nilikulia Kasongo, nyuma ya msikiti, kwa Nyanya, mama mzazi wa mama yangu. Tulikuwa wawili tu. Baba alikuwa ameenda kutafuta dhahabu, na kila aliyetuletea salamu zake alitaja mahali pengine. Mama alikuwa ameolewa tena upande wa Kabambare. Alikuja wakati wa mavuno ya mpunga, akanilaza mapajani, akanitafuta chawa hata kama sina, kisha asubuhi moja naamka, harufu ya mafuta yake imebaki kwenye mkeka na yeye hayupo. Sikumchukia mtu. Lakini mtoto naye ana hesabu zake. Baba ameenda, mama ameenda, basi nikawa namchunga Nyanya kama anavyochungwa kuku mgeni. Akienda kisimani, naenda. Akiingia chooni, nakaa nje nikimwimbia ili anijibu.

Nyumba yetu ilinuka mpunga. Ilinuka mpunga na mawese, na moshi wa samaki wa Lualaba waliotundikwa juu ya mafiga. Siku ilianza kwa adhana, kisha kinu. Nyanya alitwanga akizungumza peke yake, na mimi nilichezea lile rundo la makapi pembeni, laini, lenye kuwasha, linaloingia mpaka masikioni. Kinu kikinyamaza, tulisikia shoka la jirani.

Jirani yetu huyo alichanja kuni. Ndiyo ilikuwa kazi yake. Aliwauzia akina mama wa mtaa na watu wa tanuri la mikate. Alikuwa na gogo moja kubwa la kuchanjia, limejaa makovu. Alisimamisha kipande cha mti juu yake, akatema mate viganjani, akainua shoka, pa! Kipande kikawa viwili. Vile viwili vikawa vinne. Nilipenda kumtazama. Hakuna mti uliowahi kumshinda.

Sasa fikiria. Siku moja mchana, mtangazaji wa mtaa anapita na kengele yake, anapaza sauti: "Kesho watoto wote wachanjwe! Mutu asifiche mutoto nyumbani! Wote ku dispanseri, wachanjwe!" Na Nyanya, mlinzi wangu, mtu wangu mmoja aliyebaki, anainua kichwa kutoka kwenye sombe, majani ya mihogo anayotwanga, anasema kwa furaha: "Alhamdulillahi. Huyu wangu njo wa kwanza."

Nilimtazama usoni nione kama anatania. Alikuwa anatabasamu. Nikamtazama jirani kule uani kwake, pa! pa!, na nikaelewa kila kitu. Kwa hiyo ndivyo inavyofanyika. Baba amechoka nami, mama amechoka nami, na sasa Nyanya naye amechoka. Sikulia. Ni jambo la ajabu, mtoto akiwa na hofu ya kweli halii. Nilikula bugali yangu mpaka ikaisha, nikanawa mikono, nikangoja jirani aende kusali. Kisha nikaingia uani kwake, nikaliburuta shoka lake kwa mpini, zito kama mbuzi asiyetaka kwenda, nikalifukia kwenye rundo letu la makapi.

Jioni mtaa mzima ulisikia. "Nani amechukua shoka langu? Watu wa tanuri wanangoja kuni! Nitawapa meno yangu wapikie?" Alipita nyumba kwa nyumba. Alipofika kwetu, Nyanya alikuwa ameinama anachota makapi ya kuwashia moto. Mkono wake ukagonga mpini.

Akalivuta polepole. Makapi yakamwagika. Akanitazama, jirani akanitazama.

"Bwana yangu," Nyanya akasema, maana ndivyo alivyoniita, kama nyanya wote wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, "unataka kuchanja kuni za nani?"

Neno lile lile. Hapo ndipo kifua kilipopasuka. "Wasinichanje!" nikalia. "Nyanya, wasinichanje! Nitakuwa nachota maji! Nitatwanga mimi!"

Jirani alikaa chini juu ya kinu kilicholala, akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Weee! Mutoto anafikiri yeye ni kuni! Umekonda hivi, utawaka namna gani? Hata moshi hautatoka! Watu wa tanuri watanirudishia!"

"Wewe nawe, nyamaza," Nyanya akamwambia. Yeye hakucheka. Alikaa chini pale pale kwenye makapi, akanivuta, na nikasikia moyo wake unapiga haraka kuliko wangu. "Kosa haiko lake," akasema. "Maneno nayo yana mapacha. Uso mumoja, tabia mbalimbali." Jirani akafuta machozi, akachukua shoka lake, na mlangoni akageuka akasema kwa sauti nyingine, "Mutoto, kesho sifanyi kazi mpaka urudi." Akatimiza. Ile ndiyo asubuhi pekee ninayoikumbuka bila sauti ya shoka.

Tulipobaki wawili, Nyanya akanieleza kwamba kuchanjwa kule ni kuchomwa sindano ya dawa, sisi tunaiita shindano. Kabla ya kumzaa mama yangu alizaa mtoto mwingine, wa kiume, anayecheka sana. Surua ikapita mtaani. Ikaingia nyumba hii, ikatoka naye. "Wakati ule shindano halikufika huku," akasema. "Ningemubeba mpaka mwisho wa dunia kulifuata. Sasa linakuja lenyewe mpaka mulangoni, na wewe unaficha shoka."

Nikamwuliza kama shindano linauma. Najua watu wengi wangesema hapana. Mimi mwenyewe nimewasikia, "haiumi, haiumi hata kidogo," na mtoto anaenda akidanganywa, akirudi hamwamini tena mtu. Nyanya alisema, "Linauma."

"Sana?"

"Lete mukono."

Kwanza alijifinya yeye mwenyewe, akanionyesha alama. Kisha akanifinya mimi hapa, juu, penye nyama, kwa kucha mbili, akashikilia kidogo, akaachia. "Namna hii. Ikizidi hapa, uniite muongo mbele ya watu wote." Nikamwambia anifinye tena ili nikariri. Akanifinya tena. Tulikaa pale tukifinyana kama wendawazimu mpaka giza likaingia na sombe ikashika chini ya chungu.

Asubuhi aliniamsha kabla ya kinu. Aliniogesha kwa maji ya vuguvugu yenye majani ya ndimu, akanipaka mafuta, nyuma ya masikio, katikati ya vidole, akanivalisha kanzu yangu ya Idi. "Mutu haendi kupokea uzima na nguo ya shamba." Alikuwa ameoka mkate wa mchele, ule mzito, wenye ukoko mweusi chini, akanipa kipande changu na nusu ya kipande chake. Niliutafuna njia nzima. Bado nautafuta mkate ule. Nimekula mikate Kindu, Kalemie na Bukavu, na kila mara najikuta naugeuza niangalie chini kama kuna ukoko.

Dispanseri ilijaa. Watoto walikuwa wanalia kabla ya kuguswa, na wote walikuwa na neno moja. "Mama! Mama!" Na kila mama alijibu, "Niko hapa." Mimi nikafikiwa. Muuguzi akakunja mkono wa kanzu yangu, pamba ikapita, baridi, na nikafungua kinywa nilie kama wenzangu. Nikakuta neno lile sina pa kulipeleka. Ningemwita nani? Mama yuko mbali, hasikii. Kwa kitambo kidogo, kinywa wazi, nilikuwa peke yangu kabisa, katikati ya umati ule wote. Kisha nikapiga kelele: "Nyanya!"

Muuguzi akacheka. "Wenzake wanalia mama, huyu analia nyanya! Mupelekeni ku soko!" Watu wote wakacheka. Na katika kicheko kile Nyanya alikuwa ameshanifinya mkono wa pili, kwa nguvu, nami nikamgeukia kwa hasira, "Nyanya, acha kunifinya!" Muuguzi alikuwa ameshamaliza. Shindano lilikuwa limeingia na kutoka. Mpaka leo sijui maumivu yapi yalikuwa ya shindano na yapi yalikuwa yake.

Alinibeba mgongoni kurudi nyumbani, ingawa miguu yangu ilifika magotini mwake na wanawake wakamzomea: "Mama, mume gani huyo anabebwa?" Nilimnong'oneza sikioni lile ambalo ndilo lilikuwa swali langu tangu mwanzo, chini ya shoka na chini ya kuni zote. "Nyanya, na wewe utaenda?"

"Niende wapi na magoti haya?" akasema. "Nitaenda siku moja kule kila mutu anakoenda. Lakini nitakuaga kwanza."

Hakuniaga. Siku yake ilipofika mimi nilikuwa njiani, kati ya mji mmoja na mwingine, kama ninavyokuwa siku zote, na habari ilinikuta udongo umeshakauka juu ya kaburi. Wanasema aliuliza, "Bwana yangu iko wapi?" Nilipopita Kasongo baadaye, nyumba ilikuwa imeanguka, matofali mabichi yakikosa mtu wa kuyatengeneza hurudi kuwa ardhi, na mtu amepanda mihogo mahali pa kinu. Gogo la jirani halipo. Nilimwuliza kijana mmoja habari za mchanja kuni wa mtaa ule, akaniuliza, mchanja kuni yupi?

Leo asubuhi nilikuwa wa kwanza kichuguuni. Ukungu ulikuwa bado haujainuka, na rezo ilikuja, ikaenda, ikaja. Niliogopa kwamba ataondoka bila jibu. Hatimaye mama yake akapokea: "Ameshavaa. Anakataa kutoka mpaka useme naye."

"Baba, haukunijibu."

"Nakujibu sasa, mama. Haiko kama kuni. Ni maneno mapacha. Wanachoma shindano kidogo."

"Inauma?"

"Inauma."

Akavuta pumzi. "Unakuja?"

"Leo hapana, mama. Daraja limekwenda na maji."

Nilisikia kuku. Nilisikia mama yake akimwambia wanachelewa.

"Basi nani atanishika?"

"Mama yako atakushika mukono mumoja. Wa pili ni wangu. Ufinye kwa kucha, hapa juu penye nyama. Na mimi najifinya. Haya, tufinye pamoja."

Watu walikuwa wameanza kupanda. Walinikuta, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, simu nimeibana kwa bega, nimejifinya mkono nimefumba macho.

"Imeuma?" nikauliza.

"Kidogo tu," akasema. "Na wewe?"

"Mimi imeuma sana."

Akacheka, yule mtoto, kicheko kirefu ambacho sijakisikia tangu niondoke. "Baba haujui kufinya! Inatakiwa polepole! Ukikuja nitakufundisha." Kisha mama yake akamwita, na kabla sijasema chochote rezo ikachukua wote wawili.

Nilibaki pale juu nikiutazama mkono wangu. Kucha zilikuwa zimeacha miezi miwili midogo, myekundu, kama ile ya Nyanya. Nilishuka taratibu nikiwa nimeifunika kwa kiganja, nisiipoteze. Nilipofika chini nikafunua kuiangalia. Ilikuwa imeshafutika.