Mama Alisema Nini Mlangoni

Mdogo wangu wa mwisho ni mtu wa kuudhi. Kumbukumbu ya mama ilipokaribia alitaka kuweka picha yake Facebook, ile pekee tuliyonayo, amekaa kwenye kiti cha studio kama anayesubiri sindano, na chini yake aandike maneno aliyowahi kuyasema mama. Nikampa maneno. Badala ya kushukuru akanipigia simu.

"Dada, una hakika aliyasema? Nani mwingine aliyasikia?"

"Unaniuliza mimi? Wewe ulikuwa bado unanyonya!"

Hakutishika. Aliwahi kusambaza maneno ya hekima ya kiongozi mmoja marehemu, watu wakamvaa, wakamwonyesha kuwa marehemu hakutamka kitu kama hicho. Tangu hapo hasambazi neno la mtu mpaka ajue limetoka wapi. Kwa viongozi, sawa. Lakini mama yangu jamani? Nilikata simu nimefura.

Maneno yenyewe ni haya: Uendako kwema, usisahau kwenu. Aliniambia asubuhi niliyoondoka Kinole. Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi baba huko mjini kilikuwa kimeuzwa, baba akapunguzwa kazini, tukafungasha tukapanda mlimani Kinole, kwao mama. Enzi hizo redio ilikuwa soko huria asubuhi, soko huria jioni, kila mtu ajitafutie. Shangazi alikuwa anauza mitumba karibu na stesheni ya Ngerengere, akaagiza niende nikamsaidie, maana nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sina pa kwenda. Masika yaliyofuata mama akafariki. Barabara ya mlimani ilikuwa imekatika, na nilipofika walikuwa wameshamzika.

Kwa hiyo nilibaki na maneno yale tu. Nimejifungua nikiyasema. Nimefiwa na mume nikiyasema. Ndugu wengine wamerithi migomba, mimi nilirithi hayo, na sikuwa tayari kunyang'anywa na mtoto wa juzi.

Nikampigia mama mdogo, aliyemfuata mama kuzaliwa. Siku niliyoondoka alikuwepo, na mpaka leo yuko Kinole. Nilitaka shahidi, nimrudie yule bwana mdogo nimfunge mdomo.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Huku mvua tu, karafuu hazikauki."

Nikamweleza, nikamtajia maneno. Akacheka mpaka akakohoa.

"Hee! Hayo si ya mama yako. Hayo ni ya kanga!"

"Kanga gani?"

"Ile ya kijani. Tulinunua doti moja tukagawana, yeye kipande, mimi kipande. Zile za kutoka nje, rahisi, ukifua mara moja maji yote kijani. Changu ninacho, nafunikia ndoo ya unga. Ngoja." Nikasikia mfuniko unaanguka, kisha akanisomea, neno kwa neno, maneno yangu.

Nikakaa kitandani. Niliiona kanga. Mama amejitanda kwa baridi ya asubuhi, maandishi yamemkaa mgongoni, na mimi, mwenye cheti changu cha darasa la saba, nayasoma. Uso wake sikuuona. Miaka yote hii sikuwahi kujiuliza kwa nini sikumbuki uso wake siku ile.

"Alinipa mgongo?"

"Alikuwa analia, mwanangu. Aliinama mafigani anajifanya anapuliza moto. Aliniambia, nikigeuka huyu mtoto haondoki."

"Kwa hiyo hakusema kitu?"

"Alisema. Ulisimama mlangoni, hutoki, huingii. Akakwambia, 'Rudisha mlango, kuku wataingia.' Ukarudisha, ukaenda zako."

Wallahi nililia. Yale ya kanga nilikuwa nayasikia kwa sauti ya mhubiri. Haya niliyasikia kwa sauti yake, ile haraka yake, na mwisho anavyouvuta kama watu wote wa kule kwetu juu, wataingiaa. Nilimtamani mama yangu siku hiyo kuliko siku nilipomkuta kaburini. Nilitamani nisingefunga ule mlango, kuku waingie wote, wamwage unga, anigombeze.

Jioni nikampigia mdogo wangu. Nilidhani atanicheka, maana ana mdomo. Nikamweleza yote, la kanga na la kuku.

"Haya, sema," nikamwambia. "Sema ulijua."

"Dada, mimi sikujua chochote. Nyinyi wote mna maneno yake. Mimi sina hata moja, simkumbuki hata sauti. Ndiyo maana niliuliza. Nisingependa nikae na la uongo."

Huyu ni mtu mzima, ameanza kuota mvi.

"Hebu sema kama alivyosema yeye," akaniomba. "Usiseme kama wewe."

Nikavuta pumzi, nikamwambia mdogo wangu arudishe mlango, kuku wataingiaa.

"Tena," akasema.