Chale za Bibi

Juzi binti yangu alifungua kitabu chake cha shule mezani, nikaona picha ya bibi kizee mwenye chale mashavuni. Papo hapo nikasikia harufu ya kisamvu kinachotwangwa.

Nilipokuwa na umri kama wake, mwalimu wetu naye alitusomea hadithi ya bibi wa namna hiyo, aliyevuka Ruvuma akitokea Msumbiji. Alipouliza nani ana bibi kama huyo, nilisimama peke yangu.

"Mimi, mwalimu! Wa kwetu katoka ng'ambo!"

Darasa zima likanipigia makofi. Nyuma kabisa alikaa mgeni mwenye viatu vya kung'aa, naye akaandika kitu.

Nilikimbia nyumbani kumweleza mama. Mchi ukasimama hewani.

"Umesema mbele ya nani?"

"Wote. Hata mgeni kaandika."

Mama alifunga mlango, na jua lilikuwa bado kali. Akachukua khanga, akamfunika bibi mpaka karibu na macho.

"Mama, usitoke tena bila hii. Mtu akikuuliza, umezaliwa Mikindani."

Sikujua kwamba bibi hakuwa na kibali cha kuishi nchini. Nilimwona anatetemeka, nikadhani anasikia baridi, nikamsogezea jiko la mkaa. Akaota moto mpaka jioni, jasho likimchuruzika, na kila pikipiki ilipopita nje alinibana mkono.

Yule mgeni hakuja kamwe, lakini bibi alimngoja mpaka siku ya kufa kwake.

"Mama," binti yangu aliniuliza juzi, "bibi yako alikuwa hivi? Kesho nikamwambie mwalimu?"

Kabla sijamjibu, nilikuwa nimeshainuka kufunga mlango.