Baiskeli ya Festus na Vitambaa vya Mama Mkwe

Festus Wamalwa ni fundi wa baiskeli pale Kitale. Ukimuuliza mkewe Peris ni mtu wa aina gani, atakuambia ni mpole, hanywi, na nepi za mtoto anazifua bila kuambiwa. Kasoro yake ni moja tu. Ana baiskeli inayolala sebuleni.

Si baiskeli ya kubeba maziwa. Ni ya mashindano, fremu ya kaboni, nyeusi ti, nyepesi hata Peris huiinua kwa mkono mmoja huku kamshika mtoto kwa mkono wa pili. Festus aliipata fremu hiyo ikiwa na ufa, mwenye nayo wa kwanza ameshaikatia tamaa, akauziba ule ufa, kisha akakaa miaka mitatu akiitafutia vipande vingine kimoja kimoja. Sasa imekamilika na imesimama kati ya kabati na kochi, kama mgeni aliyekataa kuketi.

Sheria zake Peris amezijua kwa kutazama tu. Baiskeli nzuri haina madigadi, haina karia ya mizigo, haina kengele. Maandishi ya tairi sharti yakae pale penye valvu, mbele na nyuma, la sivyo Festus hutoa upepo, akaigeuza tairi, akajaza tena. Ikipigwa picha, cheni iwe kwenye meno makubwa na pedali zilale sawa kama meza.

"Urembo wake ni kukosa vitu," Festus humwambia.

Peris, ambaye nyumbani kwake hakuna kiti kisicho na kitambaa, huendelea kukunja nepi.

Wiki hiyo klabu yao ya waendesha baiskeli ilikuwa ichague baiskeli moja ya kuwekwa kwenye bango la mbio za kupanda mlima hadi Kapsokwony. Kila mwanachama atume picha kwa grupu ya WhatsApp Jumapili kabla ya saa kumi, halafu wapige kura. Festus si mtu wa kutaka makuu, lakini hili alilitaka. Aliiosha baiskeli Jumatano, akaiosha tena Alhamisi, na Ijumaa akaipangusa kwa shali ya mtoto.

Jumamosi mama yake Peris akafika kutoka Misikhu kumwona mjukuu wake, Nasike.

Sasa, kwa watu wa kwao, mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hawashikani mikono, hawakai kochi moja, na neno la mmoja humfikia mwingine kupitia kwa Peris, hata kama wote wako chumba kimoja na masikio yao ni mazima.

"Peris," mama akasema, macho kwa baiskeli, "muulize baba Nasike hii imekosa nini."

"Mama anauliza imekosa nini."

Festus alikuwa amesimama mlangoni akiangalia nje. "Mwambie mama haijakosa kitu. Iko hivyo."

"Anasema..."

"Nimesikia. Mwambie imekaa kama kuku amenyonyolewa. Mtu akibebwa atakalia wapi?"

"Mwambie haibebi mtu."

"Na gunia?"

"Mwambie ni ya kukimbia tu, bana." Festus akashtuka. "Hiyo bana usimwambie."

"Nimeshaisikia," mama akasema.

Jumapili Festus na Peris walienda kanisani. Mama akabaki na Nasike, maana mtoto alikuwa na homa kidogo. Waliporudi saa nane, baiskeli ilikuwa imevaa.

Kiti kilikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma, kina ua la njano katikati na marinda pembeni. Usukani ulikuwa na mikono miwili kama sweta. Kile chuma kirefu cha juu kilivalishwa kitu kama soksi, chenye vishada vitatu vinavyoning'inia. Na kwa vile kitu kinachokimbia kinaweza kupoteza nguo njiani, mama alikuwa amevishonea papo hapo, kwa uzi ule wa magunia.

Mama aliinama akichambua sukuma wiki. "Peris. Muulize kama imempendeza."

Peris hakurudia swali. Aliona jicho la Festus likienda kwenye mkasi uliokuwa mezani, kisha likaenda kwenye vidole vya mama. Viwili vilikuwa na plasta.

"Mwambie mama," Festus akasema. "Mwambie sasa imevaa."

Nyuma ya nyumba alimshika Peris mkono. "Wewe ni mtoto wake. Wewe ndiye unaweza kukata."

"Nikate kazi ya mama?"

"Si ni nyuzi tu, Peris."

"Ati nyuzi tu. Shika mkasi basi."

Festus hakuushika. Saa tisa na nusu ilikuwa imefika.

Aliiegemeza baiskeli kwenye ukuta, akaweka cheni kwenye meno makubwa, akalaza pedali, akapanga maandishi ya tairi na valvu. Halafu, akidhani Peris haoni, akalivuta lile ua la njano kidogo, na kidogo tena, mpaka petali moja ikaelekea sawasawa na valvu ya nyuma. Akapiga picha. Akatuma.

Kipkorir wa Kapsokwony ndiye wa kwanza kuandika: "Niaje Festus, hiyo ni baiskeli ama ni kochi?" Wengine wakafuata na vicheko. Mwenyekiti, Wanyonyi, akaandika kwamba picha iwe ya baiskeli peke yake, vitu vya nyumba vitolewe.

Festus akajibu polepole kwa kidole kimoja: "Vitambaa ni vya mama mkwe. Ameshona mwenyewe. Yuko ndani ya nyumba."

Peris, akichungulia begani kwa mumewe, aliona mtu anaandika, anaacha, anaandika, anaacha. Kisha ujumbe wa Wanyonyi ukafutwa. Kipkorir akauliza kwani shida ni nini, akaambiwa angoje aoe Bungoma, apate mama mkwe, ndipo atajua. Kura zilipohesabiwa, kati ya wanachama kumi na saba, kumi na sita walikuwa wamemchagua Festus. Kipkorir peke yake ndiye aliyejichagua.

Bango lilipotoka, mama alikuwa amesharudi Misikhu. Peris akampigia, akaweka simu kwa spika. Festus, japo mama alikuwa mbali vile, aliinuka kwenye kochi akaenda kusimama mlangoni.

"Mwambie mama bango limetoka, na vitambaa vinaonekana vyote."

"Nimesikia. Muulize watu wamesemaje."

Festus akageukia nje. "Mwambie wengi waliogopa kusema kitu."

"Mwambie ni vizuri," mama akasema. "Na asivifue na maji moto."