Ruta ya Pili Nyuma ya Pazia

Kompyuta za zahanati nzima zilinuniana, na posa yangu ikawa mashakani.

Sitanii. Leo mapokezi na duka la dawa wanapatana, kesho hawajuani. Printa ndiyo usiseme, ilimsikiliza inayempenda tu.

Zahanati ni ya mama wa mchumba wangu, na mtandao niliufunga mimi kwa mikono yangu hii. Mama alishanipa sharti: mtandao ukisimama imara, tutazungumza posa. Ukilala, posa nayo ilale.

Na hakuniita mwanangu hata siku moja. Ni "fundi" tu, kama nimekuja kuziba bomba.

Nikapima waya zote. Nzima. Swichi, lile boksi zinapokutania waya, inawaka taa kwa raha zake. Ruta, inayoipa kila kompyuta anwani yake ili zitafutane, nayo iko macho.

Mama akapita na chai yake, akauliza kama vyombo vyangu vimegombana. Manesi wakacheka. Mchumba wangu naye akacheka, msaliti yule.

Nikalinganisha anwani za mapokezi na za duka la dawa. Lo! Kama za koo mbili tofauti. Basi humu ndani kuna mgawaji mwingine wa anwani.

Nikaufuata waya mmoja nisioujua kutoka kwenye swichi mpaka ofisini kwa mama. Nyuma ya pazia nikakuta ruta ya pili, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

Nyumbani kwa mama huyo hata redio imevaa kitambaa cha kufuma. Nikaumia kweli. Kumbe ananihujumu!

Nikamwita, nikafunga mlango manesi wasisikie.

Akainamisha uso. "Niliona ile yako inawaka mchana kutwa, usiku kucha. Nikainunulia mwenzake, isije ikachoka ukaaibika. Binti yangu anakupenda, fundi."

Jamani. Hasira yote ikaniisha.

Nikamweleza taratibu kwamba wagawaji wakiwa wawili, kila kompyuta inamfuata aliyeiitikia kwanza, na ndugu wanapotezana.

"Mafahali wawili hawakai zizi moja," akamalizia mwenyewe.

Sikuing'oa ruta yake. Niliizima ile kazi ya kugawa anwani, nikaiacha ipitishe mawasiliano tu. Kitambaa nikakitandika chini yake, isipate joto. Kule mapokezi printa ikaanza kutema karatasi.

Mama akaitazama ruta yake.

"Basi na kwenye nyumba yenu nitakaa hivyo. Nipo, lakini sigawi. Haya, mkwe, njoo unywe chai."

Mkwe! Nusura nidondoshe bisibisi.

Tumeshaoana. Leo mama alikuja kutusalimia. Nimerudi kutoka kazini nikakuta makochi yamehamishwa, sufuria zimepangwa upya, na ruta yangu imevaa kitambaa cha kufuma.

Mke wangu ananiangalia, anasubiri niseme neno.

Nimekitandika chini ya ruta, nikaomba chai.

Ndugu zangu, nyumba isipoelewana, tafuta kwanza wagawaji ni wangapi. Na ukimpata wa pili, funga mlango ndipo umwambie. Huenda alikuja kukusaidia.