Nyumba Ndani ya Mraba Mwekundu

Ofisini walimwita Bi Ramani, na jina likamganda. Alikuwa mchora ramani wa mipango miji. Kwenye kompyuta yake ardhi yote ilikatwa miraba kama ubao wa drafti, kila mraba ukabeba namba moja tu. Aliweka tabaka la mteremko, juu yake la mvua, juu yake la udongo, kisha programu ikajumlisha. Palipo salama pakawa kijani. Panapoweza kuporomoka, pekundu.

Mwaka ule alitumwa kupima korongo lililo nyuma ya mtaa alikozaliwa. Rangi zilipotokea, nyumba ya mama yake ilikuwa ndani ya wekundu. Jioni ileile akaenda kwa mama.

"Mama, itabidi uhame kabla ya mvua."

Mama aliendelea kuchambua maharage. "Hiyo kompyuta ilikuwepo marehemu baba yako akichimba msingi? Alikuta mwamba. Sururu iligonga ikamrudia, ikamng'oa jino."

Walicheka wote wawili. Lakini binti alirudi tena na tena, mara akibembeleza, mara akilia, hadi mama akasalimu amri.

"Haya. Wewe ndiye niliyekusomesha."

Akahamia kwa kaka mkubwa wa Bi Ramani, chumba cha ghorofa ya tatu kinachotazama ukuta. Nyumba ikabomolewa pamoja na zile za ukingoni.

Baadaye ofisi ilipata picha mpya za setilaiti, zenye miraba midogo zaidi. Bi Ramani akarudia hesabu. Mraba wa zamani ulikuwa mpana mno. Ulimeza nyumba na ukingo wa korongo pamoja, ukavipa namba moja. Sasa kiwanja cha mama kilikuwa kijani, mwamba mtupu.

Hakuweza kunyamaza. Alimkuta mama amejilaza, akamweleza yote.

"Na jirani zangu wa ukingoni?" mama aliuliza.

"Wao walikuwa hatarini kweli. Korongo limeshakula viwili kati ya viwanja vyao."

"Basi hukufanya kazi bure."

"Na wewe, Mama?"

"Mimi ngazi zimenishinda, mwanangu. Siku hizi sishuki hata kuota jua."

Alifariki kabla ya mvua nyingine. Kwenye maziko, mama mmoja wa ukingoni aliushika mkono wa Bi Ramani kwa mikono miwili. "Pole, mwanangu. Bila wewe tungefukiwa sote."

Bi Ramani alisema asante, ila hakuweza kumtazama usoni.