Saa Kumi na Mbili za Dirishani

Mke wangu anauza tiketi za basi pale stendi, dirisha la tatu, na kwa miaka kumi na sita amekuwa akijibu swali lile lile: mpaka mji ule ni mwendo wa saa ngapi? "Kumi na mbili," hujibu, bila hata kuinua macho. Hesabu hiyo aliikuta kwa aliyekalia kiti kabla yake. Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kufika huko. Lakini mbishie uone!

Basi dada yake, aliyekuwa ughaibuni miaka tisa, akapiga simu. Angepita mji ule kubadilisha ndege: anatua saa nane mchana, na saa moja na nusu jioni lazima aingie ndani kwa safari ya pili. Mke wangu aliruka kama mtoto. Tungepanda basi la saa kumi na moja alfajiri, tufike saa kumi na moja jioni, tubaki na saa mbili nzima za kupiga soga na dada.

"Tuondoke siku moja kabla," nikasema.

"Baba watoto, unamfundisha nani kazi yake?"

Nikaenda kufunga mizigo. Nimeoa siku nyingi, najua pa kunyamazia.

Njia nzima alikuwa na raha zake, akiwasimulia abiria wa viti vya jirani habari za dada yake. Ilipofika saa kumi na moja jioni, kibao cha kando ya barabara kikasema bado kilomita mia moja na hamsini. Akamwendea dereva, nami nikamfuata.

"Mama, kumi na mbili ni za dirishani," dereva akamwambia. "Za barabarani ni kumi na nne. Mkisema ukweli si abiria watahamia dirisha la pili, kwa kampuni nyingine?"

Nyuma yetu mzee mmoja akafoka, "Yule mama wa tiketi, nikimtia machoni!" Mke wangu akavuta mtandio mpaka puani. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, kisha nikaona mabega yake yanatikisika, na si kwa kicheko. Nilijuta kweli. Nikamshika mkono, nikaushikilia hivyo hivyo mpaka tukashuka.

Teksi ilitufikisha uwanja wa ndege saa moja na dakika ishirini. Shemeji alikuwa bado amesimama mlangoni, begi begani, wenzake wote wameshaingia. Mke wangu akaanza kujitetea mbio mbio, mara dirisha, mara dereva, mara kosa ni lake mwenyewe. Shemeji wala hakumsikiliza. Alibwaga begi chini, akamshika mashavu kwa mikono miwili, akamtazama weee.

"Mdogo wangu," akasema, "mbona umezeeka bila kuniambia?"